Sista Jikaze, Aliyewafundisha Wagonjwa Kulalamika

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, zamu ya asubuhi itakapokabidhi wodi kwa zamu ya jioni, muuguzi mkuu wa wodi ya saratani atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali hii. Mitatu ya kwanza aliitumia katika wodi ya wazazi. Ishirini na minane iliyobaki ameimalizia katika chumba kimoja, kile cha mwisho wa korido chenye viti kumi na viwili vya kulaza mgongo, ambako wagonjwa huja kutundikiwa dripu za dawa za saratani. Sisi tunakiita chumba cha kemo. Yeye tunamwita Sista Jikaze, ingawa neno hilo hajalitamka kwa miaka kumi na tisa, na akilisikia kinywani mwa mtu mwingine hugeuka mzima mzima.

Kwenye faili lake la utumishi kuna vyeti sita vya pongezi na barua moja ya onyo. Vyeti mtasomewa na mgeni rasmi wa hafla hii ya kumuaga. Mimi nimeomba kuandika wasifu huu kwa sababu ya ile barua, maana Ijumaa faili linafungwa na barua hiyo haistahili kuwamo.

Waliokikuta chumba cha kemo na vigae vyake vyeupe hawawezi kuamini kilivyokuwa zamani. Kilikuwa stoo ya mashuka. Kuta zilinuka wanga wa kunyooshea nguo, dirisha moja lilikuwa halifungiki, na redio yetu ilishika mawimbi kwa msaada wa hanga ya waya. Viti vilikuwa saba, vyote vimeelekezwa ukutani kama wanafunzi wanaotumikia adhabu. Sista alikimiliki chumba hicho tangu wiki ya kwanza. Hatua zake zilisikika korido nzima, na mishipa iliyowakimbia madaktari kwake ilijitokeza yenyewe.

Siku hizo alikuwa na dawa moja ya maneno. Mama akitetemeka, jikaze mama. Mzee akitapika, jikaze mzee. Aliwahi kumwambia bibi wa miaka sabini ajikaze kiume, na bibi akajibu kwamba atajitahidi ila hana uzoefu. Wagonjwa walimpenda. Wengine walikuja wamevaa hereni na kujipaka wanja ili Sista awaone wako imara, na aliyemaliza dripu bila kulia wala kutapika alipigiwa makofi. Mimi nilipangiwa wodi hiyo miaka ishirini iliyopita, sare yangu ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Nikamfuata Sista kila alikokwenda, nikaiga mwendo wake, mwandiko wake na neno lake.

Mwaka uliofuata tulimpokea mshonaji mmoja, mama wa watoto watatu, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye kibanda chake. Alipangiwa mizunguko sita ya dawa, mmoja kila baada ya wiki tatu. Miwili ya kwanza hakuguna hata mara moja. Sista alimsifu mbele ya chumba kizima, akawaambia wenzake wamtazame yule, ndiye mfano. Mshonaji alitabasamu, na sifa zile zikamfunga mdomo.

Siku ya kumi baada ya mzunguko wa tatu, mchana, alipiga simu wodini. Niliyeipokea ni mimi. Alisema anasikia homa kidogo na baridi, akaomba Sista asiambiwe, asije akamwona mlegevu. Hata wakati ule nilikuwa nimefundishwa kwamba dawa hizi hushusha kinga ya mwili, na kwamba mgonjwa wa kemo akipata homa anatakiwa aje hospitali papo hapo, hata kama anajisikia ana nguvu. Lakini nilikuwa na dripu nne za kuangalia, na neno la chumba chetu lilikuwa karibu na ulimi. Nikamwambia ajikaze, anywe maji, alale. Kesho yake asubuhi binti yake alimleta akiwa hajitambui.

Alilazwa siku kumi na moja katika chumba cha peke yake, akipewa dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa. Siku nne za mwanzo hatukujua kama ataishi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema lolote kuhusu muuguzi anayemfundisha mgonjwa kuficha.

Kamati ya uchunguzi ilikaa kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu. Mshonaji alikuwa ameeleza kwamba alipiga simu na muuguzi akamjibu, ila sauti hakuitambua, na ombi lake la kuficha hakulitaja. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, nani aliipokea. Kabla sijafungua mdomo, Sista alisimama akasema aliipokea yeye. Ulikuwa uongo mtupu, na aliusema kwa sauti ile ile anayosomea majina ya wagonjwa asubuhi. Akapewa barua ya onyo, na cheo cha muuguzi mkuu, kilichokuwa kimeshamkaribia, kikampita kwa miaka minne. Nilimkimbilia kwenye ngazi huku nalia. Alinipa kitambaa chake akaniambia: "Neno lilikuwa langu, wewe uliliazima tu. Kanawe uso, wagonjwa wanasubiri."

Mshonaji alipona ile homa, ila alituma ujumbe kupitia binti yake kwamba kemo basi. Mizunguko mitatu ilikuwa imebaki, na daktari alisema wazi kuwa akiishia hapo uvimbe utarudi. Wengine wodini tulisema mtu mzima ameamua, tufanyeje? Sista alitumia siku yake ya mapumziko kwenda kibandani, akanichukua na mimi. Hakubeba zawadi. Kiti pekee kilikuwa na marundo ya vitambaa, kwa hiyo alisimama kando ya cherehani akasema alimfundisha kuficha maumivu na amekuja kumwomba radhi. Mshonaji aliendelea kukunja pindo la sketi mpaka uzi ukaisha. Ndipo akaanza kusema.

Alisema vidole vimekufa ganzi na hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, anatungiwa na mwanawe mdogo. Alisema mdomo umejaa vidonda na kila kijiko kina ladha ya sarafu. Alisema analilia chooni akiwa amefungua bomba ili watoto wasisikie. Sista aliandika yote nyuma ya karatasi ya vipimo vya nguo, na karatasi moja haikutosha. Ilipofika alasiri, mshonaji alitoa sharti lake: atarudi Jumanne ikiwa hakuna mtu atakayemwita jasiri. Akarudi. Daktari alipoiona ile orodha alipunguza kipimo cha dawa iliyokuwa ikimla vidole, na mshonaji akamaliza mizunguko yote sita, akinung'unika kuanzia dripu ya kwanza hadi ya mwisho. Sijawahi kufurahia manung'uniko kiasi kile.

Kuanzia juma hilo chumba cha kemo kikapata kikao chake, ambacho kipo hadi leo. Saa mbili kamili asubuhi, kabla dripu haijatundikwa, kila mgonjwa anatoa lalamiko moja. Anayesema hajambo tu anarudishwa nyuma ya foleni akatafute. Mwalimu mmoja mstaafu alileta yake kwa maandishi, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mistari miwili. Bibi mwingine alimlalamikia mamamkwe wa bintiye kwamba kila akija kumwona analia kuliko mgonjwa mwenyewe. Sista alimkaribisha mama huyo kwa heshima zote, akamkabidhi sinia la vikombe vya kuosha, na kilio kikapata kazi.

Watu wa wodi nyingine walitucheka, wakisema tumefungua baraza la wazee wenye gubu. Lakini ukitembea chumbani leo, karibu kila unachokiona kilianza na lalamiko la mtu. Vijiko vya mbao badala ya vya chuma. Sakafu inayopigwa dawa baada ya wagonjwa kuondoka, maana harufu yake iliwatapisha kabla hata sindano haijaingia. Viti vilivyogeuzwa vikatazamana, hata watu wakaanza kufundishana kufunga vilemba na kuuliziana habari za nyumbani. Kila mgonjwa mpya anaondoka na kipimajoto na kadi ya kubandika mlangoni, yenye namba yetu ya simu na maneno ya Sista mwenyewe: joto likifika thelathini na nane, njoo sasa hivi, usione haya.

Alikuwa pia na swali lake la siku ya kwanza kwa kila mgonjwa, ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Aliuliza: nyumbani, wewe kazi yako ni ipi? Dereva mmoja mstaafu alijibu kwamba kazi yake ilikuwa kufunga milango jioni, ila tangu augue wanawe wamemnyang'anya funguo ili apumzike. Tangu hapo hali chakula wala haongei. Sista aliwaita wale vijana, wanaume wenye ndevu zao, akawapa somo kwenye korido hadi wakatazama viatu. Funguo zikarudi kwa mwenyewe. Mzunguko uliofuata dereva alikuja na lalamiko kwamba kitasa cha mlango wa jikoni kimelegea na hakuna anayejali.

Si wote waliopona. Dereva hakupona, na mwalimu hakupona, na Sista alikwenda kuwaaga wote wawili, akalia waziwazi mbele yetu bila kujificha. Ila tangu ile simu, hatujampoteza mgonjwa kwa sababu aliogopa kutusumbua.

Mengine ya kumkumbuka ni mengi. Anaimba wimbo wowote kwa tuni moja. Chai yake huimimina saa nne na kuinywa saa nane, ikiwa baridi, kisha huilaumu. Mume wake ni fundi wa saa, mtu anayejua dakika kuliko sote, na amekaa miaka thelathini na mmoja kwenye benchi la getini akisoma gazeti na kumngoja mke asiyetoka kazini kwa wakati. Siku moja mlinzi alimdhania mgonjwa akamletea kadi ya foleni. Shemeji aliipokea kwa adabu.

Nirudi kwenye barua. Kile kikao cha asubuhi humalizikia kwa sisi watumishi. Mimi ndiye wa mwisho, na Sista hunitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko wenzangu. Kwa miaka kumi na tisa nimelalamikia viatu vyangu. Mara vinabana, mara soli imeisha, mara vinalia nikitembea. Nilipandishwa vyeo viwili nikiwa na faili safi, na kila nilipoona lake kabatini niligeuza macho. Nilikuwa nawaambia wagonjwa waseme, na mwenyewe nimefunga mdomo.

Mwezi uliopita nilikwenda kibandani kwa mshonaji, kwa miguu yangu, nikamwambia ile sauti ilikuwa yangu. Sasa ni bibi wa wajukuu watano na bado anashona. Aliniuliza kwa nini nimechelewa kiasi hiki. Kisha akasogeza vitambaa nikae.

Jumatatu iliyofuata zamu yangu ilipofika kikaoni, nikasema. Nilisema mbele ya wagonjwa kumi na wawili, wauguzi wanne na daktari aliyekuwa amepita kuomba kalamu. Nilisema simu niliipokea mimi, aliyemwambia ajikaze ni mimi, na barua si ya Sista. Macho ya Sista yalijaa machozi. Kisha akasema: "Hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri. Viatu vyako vilikuwa vizima siku zote."

Siku ile ile nilipeleka maelezo yangu ofisi ya utumishi. Waliniandikisha maelezo hayo mara tatu, kwa sababu hawana fomu ya mtu anayedai onyo la mwenzake. Sista aliposikia alikasirika asubuhi nzima, akasema nimejiharibia bure na yeye angestaafu nalo bila kupungukiwa na kitu. Nilimwacha akasirike. Jana ofisi ilinijibu kwa maandishi, na nakala ninayo.

Leo mshonaji ameketi mstari wa pili. Amekubali atajwe, ila kwa sharti lile lile la zamani, nami nimelitii.

Sista wetu, asante kwa mikono yako, kwa masikio yako, na kwa siku ile uliposimama mbele yangu. Uende ukamwinue mzee wa watu kwenye lile benchi. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, chai ya moto, na wajukuu wa kukuchosha. Barua ya onyo iko kwenye faili langu, mahali pake. Lako linafungwa Ijumaa likiwa na vyeti sita peke yake.