Maisha ya Dada Yetu, Fundi Vitufe

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mwalimu wa hesabu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Mama anasema alianza kusema mapema, na tangu hapo hakunyamaza.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2001 alihitimu stashahada ya kompyuta akiwa wa pili darasani. Nafasi hiyo ya pili ilimuuma, nasi tulimtania nayo miaka yote.

Mwaka 2002 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza tovuti, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Humo kila mtu alijitengenezea kitufe chake cha kubonyeza kwenye ukurasa, na mteja akitaka rangi nyingine, ofisi nzima ilirekebisha kurasa moja moja. Dada akachoka. Alitengeneza upya vitufe, menyu na visanduku vya kujazia, akaviweka mahali pamoja ili kila tovuti ivichukue vikiwa tayari. Wenzake walimcheka, wakamwita Fundi Vitufe, kisha wakavitumia. Leo vimo katika tovuti za shule, benki na hospitali.

Ila mwongozo aliouandika wa kuvitumia ulianza na maneno "Endelea kama kawaida." Aliuandika akizungukwa na watu waliokwisha kuweka kila kitu kwenye kompyuta zao. Mgeni hakuijua hiyo kawaida, akakwama mstari wa kwanza, akampigia simu. Hata alipofunga ndoa na mwalimu wa muziki, tarehe 8 Agosti 2009, alipokea simu akiwa na shela kichwani, akauliza kama faili la mitindo, lile linalovipa vitufe rangi na umbo, limeunganishwa. Halikuwa limeunganishwa. Bwana harusi alisubiri. Walijaliwa mabinti wawili.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hofu yake aliisema wazi: kazi yake ingezikwa pamoja naye, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuianza bila yeye. Akauandika mwongozo upya. Aliwaita watu wasiojua lolote kuhusu kazi ile, akaketi nyuma yao akiuma leso asiseme neno, na walipokwama alirekebisha ukurasa. Kwa tuliomjua, kule kunyamaza kulikuwa muujiza.

Tarehe 3 Mei 2023, Dada akiwa amelazwa hospitalini, mwajiriwa mpya wa kampuni alipewa mwongozo huo atengeneze fomu ya miadi ya kliniki, akaambiwa akikwama ampigie Fundi Vitufe mwenyewe. Dada alishinda na simu kifuani. Alasiri mumewe alimfungulia kompyuta, akamwonyesha fomu imekamilika na inafanya kazi.

"Hakupiga?"

"Hakupiga, mke wangu."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. "Basi nimeshinda," akasema. Alifariki tarehe 9 Mei, mama na mumewe wakiwa kando yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi, sisi wadogo zake watatu, na watengeneza tovuti wengi wasiowahi kumwona, ambao kesho asubuhi wataanza kazi bila kumuuliza mtu. Mungu ampe pumziko lake lote, kwa amani.