Sanduku la Kioo Lisilofagiwa: Maisha ya Gotthilf Sautter (1950–2023)

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani wa mtaa wetu hapa Metzingen, tumekuja kumsindikiza Gotthilf Sautter, mtu ambaye kwa miaka mingi tulimtazama kwa jicho la pembeni. Familia imeona ni haki maisha yake yasomwe jinsi yalivyokuwa, pamoja na shaka zetu wenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 katika kijiji cha Dettingen, mtoto wa pili wa Eugen na Lina Sautter. Alikuwa mtoto mkimya, na mama yake hakuamini ukimya ule. Kila jioni alimpekua mifuko mlangoni kabla hajaingia ndani, na mara nyingi alikipata alichokuwa akikitafuta: konokono, mkia wa mjusi, na Jumapili moja kabla ya ibada, chura mzima.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1956. Akiwa darasa la sita aliandika insha kuhusu bwawa, ikawa nzuri kiasi kwamba mwalimu alimshuku kuwa ameinakili mahali. Alisimamishwa mbele ya wenzake aiandike upya bila kuangalia popote. Ya pili ikawa ndefu kuliko ya kwanza. Mwalimu alimpa alama, lakini hakumwomba radhi.

Mwaka 1964 aliingia uanagenzi wa ufundi vioo hapa mjini, na katika karakana hiyohiyo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2013. Madirisha ya nusu ya mji huu yamepita mikononi mwake.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Hannelore Schwenk. Baba mkwe naye hakukosa wasiwasi. Alimvuta binti yake pembeni.

“Hivi huyu kijana anawaza nini muda wote?”

“Kioo, baba.”

“Na akimaliza kioo?”

“Kioo kingine.”

Walibarikiwa binti mmoja, Ulrike, mwaka 1979. Hannelore alitangulia mbele ya haki mwezi Oktoba 2011, na nyumba ikawa kimya mno hata kwa mtu aliyependa kimya.

Majira ya baridi yaliyofuata, marehemu alirudi kutoka maonyesho ya mijusi na nyoka mjini Ulm akiwa na mjusi wa kike mwenye kishungi, mdogo kuliko kiganja. Alimwita Rösle. Ulrike alipoambiwa kwa simu aliuliza, “Baba, unakula vizuri?”

Ndipo alipojenga sanduku. Alikata vioo mwenyewe. Chini alitandika kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma ili maji yatuame humo, juu yake wavu, kisha udongo mweusi, majani makavu ya mwaloni, kuvumwani ya kijani ya msituni na mimea itambaayo. Katika udongo aliachia wale vidudu wa kijivu wenye miguu mingi waishio chini ya mawe, pamoja na wadogo weupe warukao. Rösle alipoacha kinyesi, vidudu walikila, udongo ukanona, mimea ikastawi, nayo ikampa Rösle kivuli na unyevu. Kazi ya marehemu ilikuwa kumlisha, kupuliza maji na kuangalia.

Vidudu hao aliwatega kwa viazi vilivyochimbwa katikati, katika vyumba vya chini vya nyumba ya wapangaji alimoishi. Majani aliyapata uani. Na hapo ndipo matata yalipoanza, kwa sababu humo kila mpangaji hufagia ngazi na ua kwa zamu ya wiki moja, na marehemu alianza kufagia hata wiki za wenzake. Kibao cha zamu ya ufagio kikiwa kinaning’inia mlangoni kwa mwingine, yeye yuko uani na ufagio, na takataka hazionekani kwenye pipa.

Bi Elfriede Kächele wa ghorofa ya pili aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Ameruhusu lisomwe, baada ya kulikagua.

“Mtu hafagii zamu ya mwenzake bure,” alisema ngazini. “Huyu anaficha kitu.”

Alimleta mwenye nyumba, Bwana Digel. Walikuta mjusi, ambaye hakuna mkataba uliomkataza. Bwana Digel aliingiza pua ndani ya sanduku, akasema linanukia kama msitu baada ya mvua. Mambo yangeishia hapo. Lakini Bi Kächele akauliza, “Na mara ya mwisho ulilisafisha lini, Bwana Sautter?”

Angeweza kusema Jumamosi, siku ya usafi hapa kwetu. Mtu yeyote wa Metzingen angesema Jumamosi. Yeye alisema ukweli: “Sijawahi.”

Bwana Digel alimpa hadi mwisho wa mwezi aliondoe sanduku au ahame.

Kilichomwokoa ni shaka ileile. Bi Kächele alitafakari, akampigia simu mwenye nyumba.

“Anatudanganya. Lile ni safi mno. Analifagia kwa siri, kisha anajifanya mjanja! Nipe muda nimnase.”

Alibandika ukanda wa karatasi kwenye mlango wa kioo wa sanduku, akautia sahihi yake. Rösle akawa analishwa kupitia kifuniko cha juu. Kila Jumamosi Bi Kächele aliingia na miwani na tochi.

“Kinyesi cha wiki iliyopita kiko wapi?”

“Kimeliwa.”

“Na nani?”

“Wapangaji wa chini.”

“Usinitanie, Bwana Sautter!”

Majira ya kuchipua yalipofika ukanda ulikuwa haujaguswa, na sanduku halikunuka. Bwana Digel alifuta agizo lake. Bi Kächele hakukubali kuwa alikosea, ila aliendelea kuja kila Jumamosi, sasa na keki, “kwa ukaguzi.”

Mwezi Mei 2023 kibao cha zamu kilikuwa mlangoni kwa marehemu, na ngazi hazikufagiwa. Bi Kächele alishuku uvivu, akagonga, akamkuta sakafuni. Ulikuwa moyo. Katika miezi ya hospitali marehemu hakuuliza sana kuhusu moyo wake. Aliuliza kuhusu sanduku. Ulrike angelichukua, lakini alikiri angelisafisha. Basi marehemu akamgeukia jirani yake.

“Lichukue wewe, Bi Kächele.”

“Mimi? Mimi siliamini hata leo.”

“Ndiyo maana. Utaliangalia.”

Alifariki dunia tarehe 11 Novemba 2023, Ulrike akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti, Ulrike, mkwe, Joachim, na wajukuu wawili. Ameacha pia Rösle, ambaye juzi alipandishwa ghorofa ya pili pamoja na sanduku lake. Familia inamshukuru Bi Kächele kwa moyo wote. Na kwa kuwa jana alionekana mbele ya sanduku hilo akiwa na brashi mkononi, tunamwomba hapa, mbele ya mchungaji na mashahidi wote: tafadhali, asilifagie.

Mungu ampokee Gotthilf Sautter, ampumzishe pasipo na wa kumhoji.