Springi Fupi za Elia

Ndani ya basi la Kinole, Elia alipakata springi fupi, shokapu zake zikiwa guniani miguuni. "Shikamoo mama," alimwamkia muuza ndizi pembeni yake.

"Marahaba. Vyuma vya nini?"

"Nashusha gari langu la Japani, liwe chini zaidi. Fundi alitaka kukata springi za zamani, nikakataa. Zikikatwa, gari lingeyumba kwenye kona."

"Na mawe ya Kinole nayo utayashusha?"

"Mama yangu anaishi huko. Magoti yamegoma, hawezi kupanda garini."

"Mpe kigoda, mwanangu."

"Hataki kupandishwa mbele ya majirani. Anataka kuingia mwenyewe."

 Basi liliposimama Bigwa, Elia ateremke kwa fundi, muuza ndizi alimbebea gunia hadi mlango wa basi. "Utakwama tu kwenye mawe," alisema. "Ukikwama, niulizie kwa jina, Mwanvita wa ndizi. Kigoda ninacho."