Namba Kumi za Kwanza

Naombwa niandike habari hii kana kwamba mimi ni karani. Shule niliachia darasa la tatu, na mkono wangu unajua birika kuliko kalamu. Debra wa kanisani, anayeniita Shosh, yaani bibi, kama wote hapa, ndiye hanipi amani: "Shosh, wewe ulikuwepo, andika kabla watu hawajaigeuza." Wameshaigeuza. Kawangware nimesikia inasimuliwa kwamba mtoto alikuwa mvulana na kwamba alikuwa anaogelea. Haya, naandika. Atakayeona nimemdhulumu aje hapa anunue kahawa, tuongee.

Hapa ni Riruta, kando ya Naivasha Road, mbele ya duka la vyuma la Mohinder. Benchi ni ubao mmoja juu ya ndoo mbili za rangi, na mimi niko pembeni na jiko langu, kahawa chungu na mandazi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wenye benchi ni wanne. Mohinder mwenyewe, singasinga aliyezaliwa Ngara, haongei sana. Kivuva anayetengeneza simu, tunamwita Mlingoti. Sifuna, bawabu wa ghala la unga, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Na Mbuthia, mwenye ploti tatu za vyumba vya kupangisha Kabiria na mwenyekiti wa kamati ya wazazi shuleni. Huyo tunamwita Chair, na mimi nalala kwa moja ya hizo ploti zake. Mjue hilo mapema, ndiyo maana nilinyamaza muda wote ule.

Mtoto aliitwa Stellah. Alikuwa gredi ya nne, binti wa Peres anayefulia watu nguo Lavington. Mvua ya Aprili ilipozidi, redio ikatangaza kwamba shule hazitafunguliwa Jumatatu. Peres hana redio. Jumapili jioni alipata ujumbe kwa simu yake ndogo, wenye jina la shule juu, ukisema shule imefunguliwa, mtoto afike kesho saa moja na nusu, atakayekosa atarudishwa nyumbani akalete mzazi. Peres akirudishiwa mtoto anakosa kibarua. Basi akamwamsha Stellah. Mdogo wake, Awino, alikuwa anaharisha, akabaki kwa jirani. Simu Peres aliifunga ndani ya begi la Stellah, ampigie jirani akishafika. Mto ulikuwa umepanda juu ya kile kidaraja cha mbao kule chini Kabiria. Walimpata siku ya tatu. Begi halikupatikana.

Kwa hiyo, kwa tulivyojua, ule ujumbe hakuna aliyeuona ila Peres, na Peres hakuaminiwa. Hata shuleni walisema wao hawakutuma kitu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, asubuhi, benchi lilikuwa limejaa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yanabishaniwa.

— Sikizeni, alisema Kivuva. Hiyo message ilikuwa ya Januari. Mvua ikinyesha hivi, message inakwama huko juu kwa mlingoti. Mvua ikipungua, inashuka.

— Inashuka aje?

— Inashuka tu. Mimi nilipata message ya mamangu miezi minne baada ya kumzika. Alikuwa ananiuliza kama nimekula.

— Ukamjibu?

— Sikuwa na credit.

— Mlingoti, wewe unatengeneza simu za watu na hizo akili? alisema Sifuna. Hiyo ni kazi ya watu wa yunifomu. Shule ikikaa imefungwa, sweta nani atanunua? Kuna mtu amekalia masweta elfu mbili mahali. Huyo ndiye alituma.

— Alimtumia Peres peke yake? Peres anunue sweta elfu mbili?

— Walituma nchi nzima. Wengine simu zao hazikuwa na moto.

— Nchi nzima haikuwa na moto, Redio?

— Wewe ulikuwa na moto?

Mbuthia aliweka kikombe chini. Huwa anasubiri watu wachoke ndipo aseme.

— Hakukuwa na message. Mama amechoka, analala saa sita, anaamka saa kumi. Ameota. Ama anatafuta mahali pa kuegemeza kosa. Mimi simlaumu.

— Si ndiyo unamlaumu hivyo, nikamwambia.

— Shosh, mimi nilikuwa mwenyekiti wa hiyo mazishi. Mimi nilienda River Road kuchapisha programu ya ibada, pesa ya mfukoni mwangu. Usiniambie nalaumu mtu.

Ni kweli alienda. Na siku hiyohiyo, kwa mchapishaji yuleyule, alichukua bango la binti yake Nyakio, lenye picha na neno Hongera, kwa sababu kikundi chake kilitoka cha pili kwenye hakathoni. Vyote viwili alivileta kwa mfuko mmoja. Nilimwona akivitenganisha hapa juu ya benchi, akipangusa vumbi, picha ya Nyakio huku, picha ya Stellah huku.

Hiyo hakathoni nieleze, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Ni vijana wanafungiwa siku tatu kwa ukumbi, wanatengeneza programu za simu, za kusaidia watoto kusoma na shule kuongea na wazazi, na majaji wanachagua iliyo bora. Ilifanyika ukumbi wa kanisa, Ijumaa mpaka Jumapili, wikendi ileile ya mvua. Kahawa ilikuwa yangu.

Kivuva ndiye aliyeitaja, kwa sababu za wazimu wake.

— Mimi nitawaambia, na msicheke. Ni ile hakathoni. Wale watoto wanafundisha simu kufikiria. Sasa simu imekaa pale, imefikiria, imeona watoto wako nyumbani wanazubaa, imeona hiyo si poa. Imefungua shule yenyewe.

— Simu imefungua shule?

— Yenyewe. Bila kuuliza mtu. Huko ng'ambo iko moja ilifukuza mwalimu kazi.

— Na ikaenda kukaa darasani, alisema Sifuna.

Nilidhani Mbuthia atamkemea. Hakumkemea. Aliinama mbele, akaweka mkono kwa goti la Kivuva.

— Hapo umesema kitu, Mlingoti. Mashine. Hizi vitu zinaweza. Na kama ni mashine, basi hakuna mtu wa kulaumiwa. Ni bahati mbaya tu.

Mohinder alikuwa anahesabu bawaba. Akainua kichwa.

— Chair, dakika tano iliyopita umesema hakuna message. Sasa iko, na mashine ndiyo imetuma.

— Mimi nasikiliza maoni ya wananchi.

— Ah. Wananchi.

Wakati huo mgeni mmoja alikuwa ameshafika, ila hakuna aliyemtazama. Mzee wa umri wa Mbuthia, koti la mvua, viatu vimejaa matope mekundu ya Kabiria. Nilikuwa nimemmiminia kikombe. Alikunywa amesimama, kisha akauliza, taratibu, kwa Kiswahili cha mtu wa Siaya:

— Samahani wazee. Hiyo mashine, namba ya simu ya Peres iliitoa wapi?

Sifuna akaangalia barabara kama anayemngoja mtu.

— Mimi ni ndugu ya marehemu mume wa Peres, alisema mgeni. Nimekuja kuchukua Awino. Nimemwambia Peres kwa mdomo wangu, mama anayetuma mtoto kwenye mafuriko hawezi kuachiwa mwingine. Yeye anasema alipata ujumbe kutoka shule. Nikasema, nitauliza siku mbili. Shule inasema si sisi. Majirani wanasema hawajui. Basi letu ni kesho asubuhi. Kama kuna mtu anajua huo ujumbe, mtoto abaki. Kama hakuna, mtoto anaenda na mimi, na Peres atabaki na jina hilo.

Malori yalipita.

Nami nilikuwa najua. Sikujua yote, lakini nilijua ya kutosha. Jumapili ile, nikizungusha birika kwa ukumbi, nilifika meza ya kina Nyakio nikaona daftari la buluu limefunguliwa. Ni daftari la wazazi. Nalijua kwa sababu mjukuu wangu yumo, na kando ya jina lake kuna dole gumba langu. Halitoki shuleni ila mkononi mwa mwenyekiti. Nililiona, nikamimina kahawa, nikapita. Na wiki tatu nikajiambia kwamba kuona daftari si kuona kitu, kwa sababu mwenye daftari ndiye mwenye chumba.

Nikafunika birika. Nikaondoa vikombe mikononi mwao, kimoja kimoja, cha Mbuthia kikiwa bado nusu.

— Kahawa imekwisha.

— Shosh, si birika ndiyo hiyo imejaa? alisema Kivuva.

— Imejaa. Na imekwisha, mpaka mtu amjibu mgeni.

Sikumtazama Mbuthia. Nilimtazama mgeni. Lakini Mohinder alikuwa anamtazama Mbuthia, na wengine nao wakamgeukia.

— Mnaniangalia nini?

— Wewe ndiye unaweka namba za wazazi, alisema Mohinder. Hiyo tu. Hatujasema kitu kingine.

Mbuthia alivua kofia. Akaiweka gotini, akawa anaikunja.

— Majaji walisema hawataki michoro, alisema. Kila kikundi kinaonyesha mchoro. Wao wanataka kuona kitu inafanya kazi. Waandalizi waliwapa kila kikundi message kumi za kujaribu. Kumi tu. Nyakio alitaka kutumia namba za wenzake pale ukumbini. Mimi nikasema, hapana, hiyo ni mchezo ya watoto. Weka wazazi wa kweli, majaji wapige simu moja pale mbele, mzazi ajibu, nimepata. Hapo mmeshinda. Nikampa daftari.

— Yeye hakuuliza? nikasema.

— Aliuliza. Aliuliza kama wazazi wamekubali. Nikasema wamekubali.

— Wangapi walikubali?

— Sikuuliza hata mmoja. Walichukua majina kumi za kwanza, gredi ya nne. Peres alikuwa wa saba. Nyakio akaniuliza, baba, tuandike nini? Nikamwambia andika kama vile shule huandika. Ni mfano tu. Nikamsomea.

— Wewe ndiye uliyeyatunga hayo maneno?

— Ni maneno ya kila muhula, Shosh. Shule imefunguliwa, atakayekosa atarudishwa. Si yangu.

Mgeni alikuwa hajasogea.

— Na hao wengine tisa? akauliza.

Mbuthia akaendelea kukunja kofia.

— Wana redio. Walijua ni makosa. Jumatatu, niliposikia, niliwapigia mmoja mmoja. Nikawaambia ni matapeli, wafute, na wasimwambie mtu. Wakafuta.

Sifuna, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega, akajisogeza. Benchi ni fupi, kwa hiyo ikabidi asimame kabisa. Kivuva akasema kwa sauti ndogo kwamba ujumbe ukifutwa hivyo bado kuna njia ya kuurudisha, na mchana huo aliurudisha kwenye simu tatu za hao wazazi, na mgeni akausoma kwa macho yake.

Mohinder aliongea mwisho.

— Misumari ya jeneza ilitoka kwangu. Wewe ndiye ulikuja kuichukua. Nilikataa pesa, ukaniambia, Mungu akubariki.

Halafu akaingia dukani.

Jioni tulikwenda kwa Peres, sisi wote na mgeni mbele. Ni chumba kimoja, pazia katikati. Mbuthia alisema yote tena akiwa amesimama mlangoni, maana hakukaribishwa ndani. Peres alikuwa anakunja nguo za watu. Aliendelea kukunja. Shemeji yake alipomaliza kumwonyesha zile simu tatu, akamwambia, Min Stellah, yaani mama Stellah, nilikukosea, mimi nitasafiri peke yangu. Peres akaitika kwa kichwa tu. Hakulia, na sikutegemea alie. Watu wakichoka hivyo hawana nguvu ya kulia.

Mbuthia akaanza kutaja. Mbuzi, ng'ombe, chumba cha bure, karo ya Awino mpaka chuo. Kila alichotaja kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na kila kimoja Peres alikiacha kipite. Nyakio alikuwa amekuja pia, bila kuitwa, amesimama nje mvuani na bahasha ya zawadi ya hakathoni. Peres alimwambia mrudishie aliyekupa. Msichana akaenda.

Kisha Peres akaweka nguo chini.

— Mimi hutoka saa kumi na moja asubuhi, alisema. Awino sasa ataenda shule peke yake, na mimi nikiwa kwa sinki ya watu sitajua kama amefika. Utakuja hapa kila siku ya shule. Utamchukua kwa hii mlango. Hutampitisha kwa daraja la mbao hata kama jua linawaka, utazunguka naye kwa barabara. Ukimfikisha utasubiri mwalimu afungue. Jioni utamrudisha. Si Nyakio, si mtu wa kulipwa, wewe. Mpaka amalize gredi ya sita.

— Peres, mimi ni mtu wa miaka sitini na nane.

— Stellah alikuwa kumi.

Uenyekiti wazazi walimvua wiki iliyofuata, na chifu alimwandika kwa kitabu chake, lakini hayo si malipo, hayo ni maneno. Malipo ninayaona mimi, kila asubuhi kabla jiko halijashika moto. Kuzunguka kwa barabara ni kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, na mguu wake wa kulia umeanza kuvimba. Awino hampi mkono. Mwaka wa kwanza hata hakumsemesha, alikuwa anatembea mbele yake hatua nne. Siku hizi anamwachia begi abebe, na mzee akichelewa kuvuka barabara anasimama upande wa pili kumngoja, uso pembeni. Wakipita hapa Mbuthia hunisalimia, nami huitikia, ila haketi, maana mtoto hasimami. Sasa Awino yuko gredi ya nne. Amebakiza miaka miwili na muhula mmoja.