Mama Yangu Alikuja Mu Magazini

Asante, Mama Prezida wa bamama ba kanisa, kwa kunipa nafasi. Bamama, batata, na batoto mulioko kule nyuma, nawasalimia bote kwa jina ya Bwana. Mi si mutu wa kusimama mbele ya batu. Zamani nilikuwa nasema sana, nilikuwa nakula kwa mudomo, kwa kazi ya kuuza, na ni hiyo habari nimekuja kuwaelezea leo. Mukiona nanyamaza katikati, munivumilie. Kuna pahali pamoja ambapo sauti yangu inakatalaka kupita.

Mi ni mutu wa Kasaji. Mama yangu alikuwa analima muhogo na kuuzisha pa gare, wakati treni inasimama. Bwana yangu alikufa mutoto yetu, musichana, akiwa bado ananyonya. Mutoto alipoacha ziwa, nikamuambia mama: "Mama, mi naenda ku Kolwezi kutafuta kazi. Nikipata nyumba ya muzuri, nitakuja kumukamata mutoto."

Mama akaniuliza, "Nyumba ya muzuri njo gani?"

Nikabeba mufuko yangu. Nilikuwa kijana, na treni ilikuwa karibu kuondoka.

Ku Kolwezi nikapata kazi mu magazini, duka ya bikwembe, bitenge vya bamama. Mwenyewe alikuwa muzee mumoja mugeni, mukali kidogo, lakini mwisho wa mwezi alikuwa anatulipa bila kelele. Bauzaji tulikuwa babili, mi na mwanamuke mumoja wa Lubudi. Tulikuwa tunalala mu chumba kimoja kule cité, mutaa ya bafanyakazi, tunapika bukari yetu ya unga pamoja, na akicheka alikuwa anaweka mukono pa mudomo, hata akiwa peke yake na mi. Muzee alikuwa anatupa ruhusa, kila mutu kwa zamu yake. Zamu yangu ikifika napanda treni, naenda kumuona mutoto. Alikuwa ananikimbilia pale gare. Naomba mushike hiyo: alikuwa ananikimbilia, miguu imejaa vumbi, ananiita mama mbele treni haijasimama muzuri.

Kisha ikafika ile wakati tunaikumbuka bote, serikali ikakamata magazini ya bageni, ikawapa wananchi. Muzee akafunga masanduku yake akaenda. Akaja patron mupya, mwenyewe wa magazini sasa, abakosti yake, ile koti ya bakubwa ba serikali, imepigwa pasi muzuri. Siku ya kwanza akatusimamisha mbele ya meza ya kuuzia, akasema:

"Mushahara ya mwezi imekwisha. Mi sitalisha mutu wa kusimama tu. Anayeuza atapata komisyo yake, sehemu kidogo ya ile ameuza. Asiyeuza, shauri yake."

Mwenzangu akamuita sitwayen, mwananchi, vile ilikuwa amri, akauliza, "Na siku hakuna batu, sitwayen?"

"Siku hakuna batu, utaenda kuwaita mu barabara."

Ndugu zangu, nawaambia, mwanzo tulifurahi. Tulikuwa vijana, tulikuwa na mudomo. Tulifikiri tutapata kupita mushahara ya zamani. Lakini bikwembe vya mupya havikukuja tena. Rafu zikaanza kubaki wazi. Komisyo ya rafu tupu ni nini? Ni kiu. Basi tukaanza kusimama pa mulango, mi huku, mwenzangu kule, tunangoja mutu kama vile paka anangoja panya. Mutu akiingia tunamukamata huyu mukono huyu mukono. "Huyu wangu!" "Hapana, mi njo nilimuona wa kwanza!" Batu bengine balikuwa bakituona tu, banapita ngambo ya pili ya barabara. Na jioni tunarudi mu chumba kimoja, mi na mwenzangu, kila mutu anapika yake. Nilikuwa namusikia anageuka pa kitanda chake.

Ruhusa nayo ikakatika. Batu balikuwa na franga mu mukono wakati kampani ya migodi inalipa bafanyakazi, na hiyo wakati patron hakubali mutu atoke. Siku zengine angekubali, lakini hizo siku mi mwenyewe sina kitu. Na munajua kwetu: mutu anayetoka Kolwezi anashuka na sukari, sabuni, samaki ya chumvi, kikwembe ya mama. Batu ba gare banaangalia mizigo yako mbele ya kukuangalia weye. Nikasema, nitashukaje mikono mitupu? Bora ningoje mwezi ya kuja.

Kuna tata mumoja, anafanya kazi pa treni, anaabudu na sisi hapa. Sitamutaja, anajijua. Yeye njo alikuwa anabeba maneno yetu. Namuambia, "Tata, umuambie mama nitakuja mwezi ya kuja." Anaenda, anarudi. "Mama yako anakusalimia. Anasema mutoto ameanza kubeba maji kwa kichwa, kidogo kidogo." Mwezi inapita. "Anasema mutoto anauliza kama Kolwezi ni mbali." Mwezi inapita. Miezi ikawa miaka. Safari moja akarudi akaniambia tu, "Banakusalimia." Nikamuuliza, "Na mutoto anasema nini?" Akaangalia kofia yake. "Mutoto hakusema kitu, mama."

Hamu, ndugu zangu, mi niliisikia mu mikono. Nikikunja kikwembe, mikono inatafuta kitu chengine. Nikisikia mu cité harufu ya muhogo unaolowekwa, napita njia ingine. Na mama mumoja akiingia mu magazini na musichana wa miaka ya mutoto yangu, namuambia musichana, "Simama muzuri, mama yako aone rangi." Namuwekea kitambaa pa mabega. Lakini mi sikuwa naangalia kitambaa. Nilikuwa nataka kujua wa kwangu sasa anafika wapi. Anafika pa kiuno yangu? Amepita kiuno?

Siku moja mikono ikasahau kutoka pale mabegani. Mama ya ule mutoto akapiga kelele: "Acha mutoto yangu! Unamutakia nini?" Magazini yote ikageuka. Munajua mwanamuke anayeshika batoto ba bengine banamuitaka nini: mulozi. Patron akanipeleka nyuma, mu depo ya mizigo, ile wiki yote nisionekane. Mu depo hakuna wa kumuuzia. Nilikaa pale katikati ya makartoni tupu, nikalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Nikitoka mule, sikuwa tena naangalia batu mu uso. Uso inaumiza. Nilikuwa naangalia mikono. Mukono inashika nini? Kikwembe imefungwa fundo pa pembe? Kama kuna fundo, kuna franga. Kama hakuna fundo, mupite.

Basi ikafika siku kampani ililipa. Magazini ilijaa, joto, kelele, patron anatembea nyuma yetu. Nikaona mukono ya muzee mwanamuke, kavu, inashika pembe ya kikwembe, na fundo iko. Nikarukia.

"Karibu mama! Ingia, ingia mama yangu, uko natafuta nini? Leo tuko na ya muzuri, ukifua pa mutoni rangi haitoke!"

Nikatandika kikwembe pa bega yake. Nikasema, "Ona vile inakupendeza, mama. Imekungojea weye tu."

Akasema, "Mi niko natafuta mutoto yangu."

(Nipeni maji kidogo. Asante.)

Nikainua macho. Alikuwa mama yangu. Amekonda, amezeeka, na mi nilikuwa nimemuzungushia kikwembe bila kumujua. Nyuma yake musichana ameshika nguo yake. Miguu mirefu. Alikuwa ananiangalia vile batoto banaangaliaka muganga wa sindano.

Mama akamuambia, "Musalimie mama yako."

Mutoto akaficha uso. Akasema polepole, lakini nilisikia, bote pale tulisikia: "Huyu ni mama wa magazini."

Munajua neno ya kwanza nilisema ni nini? Si jina ya mutoto. Nilisema, "Mama, nisamehe. Sina kitu. Nilikuwa nangoja nipate kitu cha kuwaletea."

Mama akatoa ile kikwembe pa bega, akaikunja, akaiweka pa meza. "Nani alikuambia tulikuwa tunangoja bitu? Sisi tulikuwa tunangoja weye."

Patron akafika. "Weye! Batu banakungoja kule! Kama ni mambo ya jamaa, utaenda jioni. Ukitoka saa hii, usirudie."

Nikasimama. Wenye hawana bwana na hawana kazi ingine banajua vile nilisimama. Miguu haikwenda mbele wala nyuma. Njo mwenzangu wa Lubudi, ule ambaye hatukupeana neno ya muzuri tangu majira mazima, akaacha batu bake, akakuja, akanitoa metre ya kupimia pa shingo.

"Enda," akaniambia. "Enda na mama yako. Mi niko hapa."

Patron akamugeukia, "Na weye pia unataka kutoka?"

"Mi niko nauza, sitwayen. Lakini huyu umuache aende."

Nikatoka. Jua ya inje ilikuwa kali sana, nikaogopa kama mutu ameanguka pahali hajui.

Hatukubaki ku Kolwezi. Mutoto hakutaka kulala mu chumba yenye mi niko ndani. Tulipanda treni sisi batatu, nikashuka Kasaji mikono mitupu kabisa, na batu ba gare baliniangalia, ndiyo. Wakasema maneno yao. Kesho yake walisema maneno ya mutu mwengine.

Nikachukua jembe. Ile majira ya mvua yote mutoto alikuwa ananiita "mama wa magazini." Anamuomba kambo yake, mama yangu, chakula, hata kama chakula mi njo nimepika. Homa ikimukamata, anamuita kambo. Mi nakaa pa mulango. Sikumulazimisha. Nilikuwa nimejifunza kumulazimisha mutu mu magazini, nilijua inazaa nini.

Siku moja tuko tunafua pa mutoni. Ananionyesha mukono bila kuniangalia, anasema, "Mama, nipe sabuni." Ni hivyo tu. Nikamupa sabuni. Kisha nikaenda nyuma ya matete, nikakaa kule mpaka nikaweza kurudi na uso mukavu.

Jioni mama yangu alikuwa ananihadisia miaka ile sikuiona. Vile jino ya kwanza ya utoto ilianguka, vile mutoto aliogopa kuku, vile alikuwa anaenda kusimama pa gare kila treni, mpaka siku moja akaacha kwenda. Nilikuwa namuomba arudilie. Kisha Bwana akamuita mama, na hakuwa amemaliza kunihadisia. Kuna siku za mutoto yangu ambazo hakuna mutu tena duniani ninaweza kumuuliza. Hiyo haikupona. Sitawadanganya hapa mbele ya Mungu kwamba imepona.

Nyuma ya kilio ya mama tulirudi huku Kolwezi, mi na mutoto, na nyinyi njo mulitupokea. Nawashukuru bamama ba soko, munajijua, mulisogeza bikapo vyenu nipate pahali pa kutandika unga yangu ya muhogo. Namushukuru ule tata wa treni, aliyebeba maneno yangu matupu miaka yote bila kunikaripia, na kisha, nilisikia nyuma, akamuambia mama yangu, "Mama, mukamate mutoto mupande, mi nitawatafutia nafasi." Na mwenzangu wa Lubudi. Nilirudi kumutafuta, magazini ilikuwa imefungwa, chumba ina batu bengine. Banasema alirudia kwao. Kama kuna mutu anayepita Lubudi, aulize mwanamuke anayecheka mukono pa mudomo. Amuambie niko namutafuta. Sikumuambia asante.

Mutoto yangu njo ule kule nyuma, na bakwaya. Musigeuke bote, ana haya.

Sasa nyinyi vijana mumekuja Kolwezi kutafuta, na kule kijijini kuna mutu. Nawajua, munasema, "Nitaenda nikipata." Nawaomba, kama ndugu yenu aliyechelewa: enda mbele ya kupata. Shuka pa gare na mikono yako hivi ilivyo. Batu bataangalia mizigo, uwaache. Mama atakuangalia uso.

Nimemaliza. Asanteni.