Kiyoyozi Kilichopoza Viti Vitupu

Risala ya wafanyakazi wa Karakana ya Utafiti wa Majokofu na Viyoyozi

Mgeni rasmi, mjinga wa siku ile, siku uliyotarajiwa hapa ukakosa kufika, hakuwa wewe. Alikuwa huyu huyu aliyesimama mbele yako na karatasi mkononi. Sisi humwita Fundi Kompresa, kwa sababu akishaanza kunguruma hanyamazi mpaka umeme ukatike. Tulikaa kikao tukaamua kwamba risala hii aisome yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, bila kuruka mstari. Amekubali. Ameomba tu tuandike kwamba siku ile alikuwa na nia njema. Tumeandika.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, mgeni rasmi, wewe na wote ulioongozana nao. Umeingia kwa mlango wa mbele, ambao tumeupaka rangi kwa heshima yako. Tutakapokutembeza utatokea kwa mlango wa nyuma, ambao ndio tunaoutumia. Ukiuona usishtuke, ndivyo tulivyo siku zote. Tumefurahi kukuona. Ila furaha yetu leo ina doa, na tumeona ni heri tukuambie sisi wenyewe kuliko uje ulisikie njiani.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza kama banda la kutengeneza viyoyozi vya ofisini na friji za majumbani. Enzi hizo ugonjwa wowote wa friji ulikuwa na jina moja: gesi imeisha. Friji haigandishi, gesi. Friji inanguruma, gesi. Fundi Kompresa, ambaye ufundi wake aliuokota mitaani huku akipigwa na umeme na kufokewa na wateja, aliwahi kujaza gesi kwenye friji ambayo kosa lake pekee lilikuwa kwamba haikuchomekwa ukutani. Tunamtania kwa hilo mpaka leo, naye hucheka kuliko sisi.

Utafiti uliletwa na Dada Raba. Jina hilo tulimpa kwa kuwa hawezi kuingia nyumbani kwa mtu asipitishe kidole kwenye raba ya mlango wa friji, hata kama ameitwa kuhani msiba. Yeye ndiye aliyetuzoesha kuuliza ubaridi unatorokea wapi kabla ya kukimbilia mtungi wa gesi.

TULICHOFANIKIWA

Zahanati ya jirani ina muuguzi mmoja, na friji moja ya chanjo. Umeme ukikatika mchana kutwa, muuguzi yule humwaga chanjo, kisha hutoka nje kuwaambia akina mama waliopanga foleni na watoto mgongoni kwamba warudi siku nyingine. Wengine hawarudi. Alikuja hapa akatuomba tumjazie gesi. Dada Raba akaenda naye, akaishika friji ile huku na huku, akarudi. Kuanzia hapo hakuwa na kazi nyingine.

Alitengeneza jokofu lenye kuta nene na matangi ya maji yanayoganda humo ndani umeme ukiwapo, ili ukikatika ile barafu iendelee kuishika chanjo katika ubaridi wake. Sisi tulikata mabati, tukachomelea, tukabandika raba, tukazibandua, tukabandika upya. Lilipokamilika, likaingizwa kwenye chumba cha joto kwa kipimo.

Chumba cha joto, mgeni rasmi, ni chumba kinachokaa katika joto la mchana wa kiangazi usiku na mchana, bila kupanda wala kushuka. Heta inapandisha, kiyoyozi kinashusha, kama wakwe wawili wasiosemezana lakini wanamlea mtoto mmoja. Mtoto mwenyewe ni jokofu letu. Lazima likae humo kwa miezi, umeme wake ukikatwa na kurudishwa, na hali ya chumba isitetereke. Ikitetereka, wakaguzi wa vifaa vya chanjo hawakipokei kipimo, na jokofu haliendi zahanati yoyote.

Lilikuwa linafaulu. Tulikuwa tumebakiza kidogo.

YALIYOTUSIBU

Ofisi yako ilipiga simu kuuliza kama ukumbi wetu una kiyoyozi. Swali la kawaida tu. Lakini kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kimekufa, na sisi tunajiita watafiti wa viyoyozi. Mkuu wetu wa karakana alishika kichwa. Tulijiona tumevuliwa nguo mbele za watu.

Hapo ndipo Fundi Kompresa alipopata akili aliyoiita ya haraka. Alisema kiyoyozi kizima kipo, kiko chumba cha joto, tukihamishe ukumbini, mgeni akiondoka tukirudishe, nani atajua? Mkuu akanyamaza, na ukimya wake tukauchukua kuwa ndiyo. Tusimtwishe mwenzetu peke yake: sisi ndio tulioshika ngazi alipopanda kukifungua.

Dada Raba hakuwapo. Tulikuwa tumempeleka getini na shada la maua, akupokee.

Fundi alikiondoa kiyoyozi kwa ustadi. Akazima heta, asije mtu akasema hakufikiria. Kisha, kwa upole wake wote, akaliziba tundu lililobaki ukutani kwa magazeti, akaufunga mlango vizuri ili vumbi lisiingie. Jokofu akaliacha likifanya kazi. Mgeni rasmi, hata mtoto wa fundi friji anajua kwamba jokofu linatoa joto mgongoni. Kila mteja anayekuja hapa Fundi Kompresa humwambia: usibane friji yako ukutani, iache ipumue. Yeye huyo huyo akalifungia jokofu la miezi yote ile katika chumba kisicho na pumzi.

Ukumbi ulipoa. Viti vilipoa. Kitambaa cha meza kuu kilipoa. Tukakaa tukikusubiri huku wengine wetu wakiwa wamejikunyata kwa baridi. Alasiri ikaja simu kwamba safari yako imeahirishwa.

Dada Raba alitoka getini na maua yake yaliyonyauka, akapita ukumbini, akahisi ule ubaridi. Aliuangalia ukuta, akakitambua kiyoyozi, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha joto. Tulimfuata kwa mbali kama watoto waliovunja chungu. Alipofungua mlango hewa ilimpiga usoni mpaka akarudi nyuma. Joto lilikuwa limelizidi jokofu likajizima, barafu ndani yake imeanza kuwa maji, na kipimo cha miezi yote ile kimeharibika.

Tulitegemea atatufokea. Ingekuwa nafuu. Aliketi juu ya sanduku la vifaa, maua mapajani, akamuuliza Fundi Kompresa ni nani aliyeziba tundu vizuri hivyo. Fundi akasema ni yeye. Dada Raba akamjibu kwamba kazi ni safi. Fundi akageukia ukuta, akaanza kuyabandua magazeti yale moja moja.

Tunajuta, mgeni rasmi. Tulimpokea mtu ambaye hakuja, kwa kitu ambacho hakuwa amekiomba, na aliyelipia ni muuguzi na foleni yake.

TUNACHOOMBA

Dada Raba amekianza kipimo upya tangu mwanzo, na kinakwenda vizuri. Lakini umetoka uhamisho wake kutoka ofisini kwako, akafundishe chuoni. Ni cheo, na anakistahili. Tungekuwa na moyo mbaya kumkatalia. Ila uhamisho unaanza kabla kipimo hakijaisha, na kipimo kisichomalizwa na aliyekianza wakaguzi hukirudisha. Yeye mwenyewe hajakuomba abaki. Anasema aliyezoea kupangiwa hapangi. Sisi ndio tunaoomba, kwa sababu kama tusingeshika ngazi siku ile, leo angekuwa ameshamaliza na anafunga mizigo yake kwa amani.

Mwachie msimu mmoja amalize. Hatuombi kingine.

Mungu akujalie afya wewe na wa nyumbani kwako, akurudishe salama, na awatunze watoto wote walio kwenye foleni wakisubiri sindano zao.

Ni sisi, mafundi, watafiti na wafagizi wa Karakana ya Utafiti wa Majokofu na Viyoyozi.

NYONGEZA YA ASUBUHI HII

Mgeni rasmi, umeshaona kwamba ukumbi una joto. Tulibishana kuhusu hilo kabla hujafika. Fundi Kompresa, masikini, alirudi na wazo lake: safari hii mgeni yuko njiani kweli, tukihamishe tena kiyoyozi cha chumba cha joto kwa saa chache tu, na mara hii ataacha mlango wazi. Akaongeza kuwa ni aibu mtu mzito kama wewe kulowa jasho kwa watu wa viyoyozi. Mkuu akaanza kulegea. Sisi tukaanza kuitafuta ngazi kwa macho.

Dada Raba alikuwa amepiga magoti mbele ya jokofu, akikagua raba ya mlango wake kwa kidole. Hakugeuka.

"Mgeni akitoka jasho, fundi, atajifuta," alisema. "Chanjo ikipata joto, wewe utaifuta na nini?"