Mgongo Ulioahirisha Ndoa Mara Mbili

Assalaam aleikum, mama zangu na wadogo zangu. Ruksa kucheka, ila msinimalize, maana habari hii nimeificha miaka.

Chunusi za usoni kila mtu ana wakati wake. Zangu zilishuka mgongoni na mabegani, zile kubwa zinazouma, ukilala chali shuka inaganda. Nilikuwa hapa hapa Kibeta, nimechumbiwa na mfanyabiashara wa dagaa wa Muleba. Na mkoa wetu mnaujua: ukionekana na vipele mwilini, watu washakupa ukimwi. Nilipima, nikakutwa salama. Lakini waitu, jamani, karatasi ya majibu utaibandika mgongoni?

Dada mmoja sokoni akaniuzia krimu aliyoichanganya mwenyewe kwenye kopo. Wiki ya kwanza ngozi laini, nikamwona mkombozi. Wiki ya sita vipele vimefika kifuani. Nikafanya nini? Nikaongeza krimu!

Kilichonitisha zaidi ni singo. Siku chache kabla ya ndoa, somo, yaani kungwi wako, anakuvua nguo, anakusugua mwili mzima kwa unga wa liwa, na mashangazi wamekaa wanatazama. Nikaahirisha ndoa, nikasema mama anaumwa. Nikaahirisha tena, nikasema sijajiandaa. Mwenzangu akapanda basi kutoka Muleba, akaja akakataa hata kiti.

"Kama una mwingine niambie, nirudi kwetu."

Nikalia tu. Akaondoka.

Kesho yake akaja somo wangu kuuliza kulikoni. Nikasema liwalo na liwe, nikamgeuzia mgongo, nikashusha gauni. Nilingoja apige kelele.

"Mwanangu," akasema, "migongo ya hivi nimeiona mingi. Unapaka nini?"

Nikamletea kopo. Akalinusa, akalitia kwenye mkoba wake. "Twende hospitali. Na huyo mchumba mpigie sasa hivi, mimi nikisikia."

Nikampigia, nikamwambia yote. Akasema, "Chunusi? Wiki nzima sijala, kumbe chunusi?" Wallahi alikuwa anacheka huku analia.

Daktari akasema krimu ile ina dawa kali, ndiyo inayozidisha. Niiache, nisijisugue, nioge nikitoka jasho, nitumie dawa alizoandika mpaka aseme basi. Mwezi wa kwanza hali ilizidi, nikamlilia somo anirudishie kopo langu. Akakataa katakata! Mwezi wa nne mgongo ukatulia. Makovu yapo, siwadanganyi.

Siku ya singo somo alinisugua mikono na miguu tu. Shangazi mmoja akauliza mbona mgongo umeachwa. Nikamjibu mwenyewe, kwa sauti: "Mgongo una chunusi, shangazi, unatibiwa." Akasema haya, akaomba chai.

Namshukuru daktari, namshukuru mume wangu, na wewe somo uliyekaa hapo mbele, Mungu akuweke. Ndugu zangu, nawaambia, si chunusi zilizotaka kunivunjia uchumba; ni mimi na kimya changu. Mwenye mgongo kama wangu abaki tukimaliza. Kesho asubuhi mimi na somo tunampeleka hospitali.